Safari ya Maskauti Wetu Kwenda Nyeri



Katika siku hizi za yubile ya jimbo letu mmesikia habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, za shule na zahanati, na za wazee waliotutangulia. Habari hizo ni njema, nasi hatuna la kuongeza. Sisi tumeombwa tuseme habari ndogo, habari ya watoto ishirini na wanne wa Temeke na Kinondoni waliotoka kwao wakapita katika nchi ya Kenya mpaka Nyeri, wakarudi salama, mwezi wa Februari mwaka 2020. Tumekubali kuisema kwa sababu mbili. Kwanza, kwa kuwa wazazi wengi hutuuliza hata leo, "Huko mlikwenda kutafuta nini?" Pili, kwa kuwa katika safari ile sisi wakubwa, tulioitwa walezi, tulifanya kosa, na watoto ndio waliotuonyesha njia. Kosa lile hatujapata kulitaja mbele ya watu. Leo twalitaja.

Labda wako hapa wasiojua maskauti ni watu gani. Chama chao kilianzishwa na Mwingereza aitwaye Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa askari, na sehemu kubwa ya uaskari wake aliifanya Afrika, katika vita vya wakoloni. Jambo hili hatulifichi, na hapo mbele tutalirudia. Katika mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu siku 217 katika miaka ya 1899 na 1900, aliona jinsi wavulana wadogo walivyopewa kazi ya kupeleka barua na habari, wakaifanya kwa uaminifu kama watu wazima. Wazo lile halikumtoka. Mwaka 1907 akawachukua wavulana wapatao ishirini, wa matajiri na wa maskini pamoja, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na vijana wa nchi nyingi wakaanza kujikusanya wenyewe. Katika Tanganyika uskauti uliingia mwaka 1917. Mzee huyo alipochoka akahamia Nyeri mwaka 1938, karibu na Mlima Kenya, akakaa katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu. Akafa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko. Basi maskauti wa dunia nzima wana kaburi la kulizuru, nalo haliko Ulaya, liko kwetu Afrika Mashariki.

Kila mwaka, tarehe 22 Februari, maskauti huiadhimisha siku ya kuzaliwa kwake, na wengi hukusanyika Nyeri. Watoto wetu walitamani kuwako siku hiyo. Wakafanya kazi mwaka mzima kujipatia nauli. Wengine waliuza maandazi na karanga baada ya misa, wengine walifagia viwanja, wengine waliosha magari ya watu wenye huruma. Fedha zilizopungua wakaongeza wazazi, kila mtu kwa kadiri yake. Tukaomba ruhusa shuleni, tukapata barua za wazazi, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, na hati za dharura za kusafiria. Hati zote tukazikusanya sisi wakubwa, tukaziweka pamoja katika kabati, maana tulisema, "Watoto watazipoteza."

Siku ya Jumatano, tarehe 19 Februari, kabla ya mapambazuko, tulikutana Ubungo, ambako siku zile ndiko kulikokuwa na kituo cha mabasi ya mikoani, kabla hakijahamia Mbezi mwaka 2021. Tukawahesabu watoto: ishirini na wanne. Wakubwa tulikuwa watatu. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono hata basi lilipoanza kuondoka, akasema, "Huyu hajavuka hata Chalinze." Naam, wengi walikuwa hivyo. Watoto wa Mtoni, Tandika, Mwananyamala na Manzese waijua bahari na soko na foleni ya magari, lakini nchi yao wenyewe walikuwa wameiona katika ramani tu. Siku ile wakaiona kwa macho: mashamba ya mkonge ya Korogwe, milima ya Usambara, kisha milima ya Upare iliyoongozana nasi saa nyingi upande wa kulia. Karibu na Moshi mawingu yakafunguka kidogo, Kilimanjaro ukaonekana, na basi zima likapiga kelele. Usiku tukalala Arusha.

Kesho yake asubuhi tukapanda mabasi madogo, tukapita Longido, tukafika Namanga. Mji wa Namanga umekaa juu ya mpaka kama mtu aliyekalia gogo, mguu huku na mguu huku. Wamasai wako pande zote mbili, na ng'ombe wao hawajui ni wa serikali gani. Lakini sisi tuliowahi kusikia habari za mpaka ule kwa wazazi wetu hatukuutazama kwa wepesi. Wengine wetu tulizaliwa katika miaka ambayo ulikuwa umefungwa kabisa. Ulifungwa mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, haukufunguliwa hata Novemba 1983. Jumuiya mpya ilitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Na tangu mwaka 2018 maafisa wa nchi zote mbili wa Namanga wanafanya kazi chini ya paa moja, upande wa Kenya kwa waendao huko, na upande wetu kwa wajao kwetu. Tukawaeleza watoto haya yote, wakasikiliza, tukafungua bahasha tuwagawie hati zao.

Hati zilikuwa ishirini na tatu.

Tukazihesabu tena, tukapekua mifuko yote. Hati iliyopungua ilikuwa ya kijana mdogo kuliko wote, wa miaka kumi na mitatu, anayelelewa na bibi yake huko Mtoni. Tukapiga simu nyumbani, kabati likafunguliwa, hati ikaonekana imelala chini ya daftari la hesabu. Ndugu zangu, haikupotezwa na mtoto. Ilisahauliwa na sisi.

Hapa ndipo lilipo kosa letu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Tulipokuwa tumesimama na huzuni yetu, akatujia mtu mmoja wa pikipiki. Akasema kwamba kijana kama yule aweza kupita nyuma ya nyumba, kwa njia ya mbuzi, kwa shilingi elfu tano tu, naye angetungoja upande wa pili. Tukatazamana. Tukajiambia kwamba kosa si la mtoto, kwa nini aadhibiwe. Tukajiambia kwamba hati anayo kweli, ila iko mbali. Tukajiambia kwamba watu wa pale hupita kila siku kwenda sokoni wala hakuna awaulizaye. Mwenye kutaka kudanganya hakosi sababu, na kila sababu huja imevaa nguo safi. Basi tukakubaliana. Tukamwita kijana pembeni, tukamwambia avue skafu, avae shati la kawaida, amfuate yule mtu.

Kijana akatii. Akaivua skafu, akaikunja, akaishika mkononi. Kisha akauliza, wala hakuuliza kwa ukaidi, aliuliza kama mtoto atakaye kujua: "Mwalimu, nikifika ng'ambo, niivae tena?"

Hatukuwa na jibu. Maana kila mtoto aliyeapa kiapo cha skauti ameahidi, mbele ya wenzake, kwamba atakuwa mtu wa kuaminiwa. Hilo ndilo sharti la kwanza kabisa katika masharti yao, nasi ndio tuliowafundisha. Tukamlipa yule mtu wa pikipiki kidogo kwa usumbufu wake, akaenda zake. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na njia ile ya mbuzi ilikuwa fupi kweli, haikuzidi dakika kumi.

Watoto wengine walikuwa wameona. Kiongozi wao, msichana wa kidato cha tatu, akatuomba ruhusa wakae peke yao. Wakakaa chini ya mgunga, sisi tukabaki mbali. Mambo yaliyokuwako ni haya. Hati ingeweza kuletwa kwa basi la Nairobi liondokalo Dar es Salaam alfajiri, likafika Namanga usiku wa Ijumaa. Mmoja wetu angeweza kubaki na kijana, na wengine wote wakaendelea, wakawahi sherehe ya Jumamosi. Au wote wangoje, na sherehe iwapite. Tuliona wawili wakilia. Mwaka mzima wa maandazi na karanga si kitu kidogo kwa mtoto. Baadaye yule msichana akaja, akasema kwa kifupi: "Tulihesabiwa ishirini na wanne Ubungo. Tutangoja." Kijana mwenyewe alikataa, akawasihi wamwache, lakini hawakumsikiliza.

Basi tukangoja siku mbili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini watoto wetu hawakungoja siku ya tatu. Wakristo wa pale walitupa darasa la kulala, na watoto wakaona kwamba maji ya mahali pale yatoka mbali. Wakagawana kazi. Wengine walichota maji, wengine walifagia uwanja na kuzibua mfereji, wengine walitengeneza madawati yaliyovunjika kwa misumari waliyoiomba. Mama mmoja wa Kimasai akaja na kibuyu cha maziwa, akawauliza wamekosa nini hata wamefungiwa mpakani. Walipomweleza akacheka sana, akasema yeye ameolewa upande huu na mama yake mzazi yuko upande wa pili, na kila mara aendapo kumwona huonyesha karatasi, kwa kuwa hataki mtu amwite mwizi katika nchi ya mama yake. Fedha za chakula zilikuwa za kuhesabu, tukapunguza. Asubuhi uji, jioni makande, na wala hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Huku nyuma bibi yake kijana alipopata habari hakulala. Aliondoka Mtoni saa tisa ya usiku na hati imefungwa ndani ya kanga, akafika Ubungo kabla ya mabasi kuwashwa, akamkabidhi kondakta mkononi, akasimama pale mpaka basi lilipoondoka. Bibi huyo yupo hapa leo, ameketi huko nyuma, nasi hatutamtaja jina, maana hapendi kutazamwa. Lakini ajue kwamba twamkumbuka.

Siku ya Jumamosi, tarehe 22, siku yenyewe ya sherehe, kulipopambazuka, tulisimama mstari mbele ya afisa wa uhamiaji, kila mtoto na hati yake mkononi. Akazitazama moja moja, akagonga mihuri, akatutakia safari njema. Haikuchukua saa moja. Tukawa tumeingia katika nchi ya watu.

Je, watoto waliona nini katika nchi ngeni? Waliona kwanza kwamba si ngeni kama walivyodhani. Watu walisema Kiswahili, lakini chao ni kingine kidogo. Daladala huko ni matatu. Mtoto wetu mmoja aliomba choroko sokoni, hakueleweka hata alipoonyesha kwa kidole, akaambiwa, "Kumbe wataka ndengu!" Nao walicheka Kiswahili chetu, wakasema ni cha vitabuni. Fedha iliwatia hofu. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa zaidi ya shilingi zetu ishirini, kwa hiyo mtoto aliyetoka Temeke akijiona ana fedha nyingi aliipokea mkononi imekuwa chache, akajifunza kuhesabu upya. Tukapita Nairobi bila kukaa, tukafuata njia ya Thika na Karatina katikati ya milima myekundu iliyolimwa mpaka kileleni. Jioni, tulipokaribia Nyeri, tulipishana na magari yenye vijana wenye skafu shingoni, wakiimba. Walikuwa wakirudi. Watoto wetu wakawapungia mikono, kisha basi likawa kimya.

Nyeri iko juu, zaidi ya mita 1,700, na watoto wa pwani walitetemeka usiku ule. Waliopokewa katika nyumba za Wakristo walipewa mablanketi, na sahani za mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Wenyeji wakasema, "Hii ni githeri, chakula chetu." Watoto wakasema, "Hii ni makande, chakula chetu." Hapo ugeni ukaisha.

Jumapili asubuhi na mapema tukaenda makaburini, mahali paitwapo St Peter's. Mlima Kenya ulikuwa wazi, na theluji yake yaonekana. Palikuwa na mashada ya jana yaliyoanza kunyauka, wala hapakuwa na mtu ila mzee mlinzi. Akatuuliza mbona tumekuja leo na sherehe ilikuwa jana. Yule msichana akamweleza yote, bila kuficha hata habari ya njia ya mbuzi. Sisi tukatazama chini. Mzee hakusema neno. Alifungua lango, akasimama kando, akawahesabu watoto wakipita, kisha akauliza, "Ishirini na wanne? Basi wote wapo." Akawapa mkono wa kushoto mmoja mmoja, kama wasalimianavyo maskauti.

Juu ya jiwe la kaburi pamechongwa duara, na katikati yake nukta. Maskauti waijua alama hiyo. Katika michezo yao ya kufuata nyayo, atanguliaye huichora mwisho wa njia kuwaambia wamfuatao: nimekwenda nyumbani. Pembeni yake yumo mkewe, Olave. Alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa kutoka Uingereza yakawekwa hapo. Tukawaambia watoto wapime jambo hilo wenyewe: mwaka ule ule ambao jirani wa Namanga alizuiliwa kumtembelea jirani yake, majivu ya mgeni yalivuka bahari yakapokewa.

Watoto walikuwa wameleta ua moja tu, kwa kuwa fedha za maua zilikuwa zimeliwa Namanga pamoja na makande. Wakampa yule kijana mdogo aliweke. Aliliweka, akasimama kando, akairekebisha skafu yake. Ni hayo tu. Hakuna ngoma iliyopigwa.

Tulisema tutalirudia jambo la uaskari. Wakati wa kurudi tulilala katika kambi ya maskauti ya Rowallan, Nairobi, mahali walipokusanyika maskauti vijana wa dunia mwaka 2010. Siku moja tukatembea mjini, tukafika penye sanamu ya Dedan Kimathi, iliyosimamishwa mwaka 2007. Watoto wakasoma, wakajua kwamba naye alikuwa mtu wa Nyeri, aliyepigania ardhi na uhuru, akanyongwa na serikali ya Kiingereza tarehe 18 Februari 1957, akazikwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama. Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini yule mgeni amechorewa duara na nukta, na huyu mwenyeji hakuwekewa hata jiwe?" Swali lile hatukulijibu upesi, wala hatutaki kulijibu upesi hapa. Tulimwambia hivi tu: kwamba hatukwenda Nyeri kusalimu upanga wa mtu, tulikwenda kusalimu ahadi aliyowaachia watoto, na ahadi ile ya kuwa mkweli hutudai tuseme ukweli wa mambo yote mawili. Kisha watoto wakasimama kimya mbele ya sanamu, kwa heshima ile ile waliyosimama nayo makaburini.

Tulirudi Dar es Salaam salama. Haukupita mwezi, ugonjwa wa korona ukatangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na kwetu tarehe 16, shule zikafungwa na safari zikasimama. Kama tungaliahirisha mwaka ule, watoto wengi wasingekwenda tena, maana mtoto hangoji, hukua.

Sasa, wazazi mliotuuliza tulikwenda kutafuta nini, jibu letu ni hili. Tulidhani twakwenda kuona kaburi na sherehe. Sherehe ilitupita. Tulichokipata kilikuwa Namanga, chini ya mgunga. Serikali humwandikia mtoto hati ya kusafiria, nayo ni lazima. Iko hati nyingine ambayo afisa wa mpakani haioni wala hana muhuri wake, nayo ni kuaminiwa. Hii mtoto huandikiwa nyumbani, na bibi, na mama, na baba, miaka mingi kabla ya safari. Kijana wetu alikosa ile ya kwanza siku mbili, kwa uzembe wetu; ile ya pili alikuwa nayo. Sisi tulikuwa na ile ya kwanza mfukoni, na ya pili nusura tuiache kwa mtu wa pikipiki kwa shilingi elfu tano.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Wapeni watoto ruhusa ya kusafiri, hata kama hamjavuka Chalinze ninyi wenyewe, maana nchi ya jirani husomwa vizuri zaidi kwa miguu kuliko kwa kitabu. Na watakapokuja huku watoto wa Kenya, wa Uganda au wa Kongo, wakisimama mlangoni pa parokia zetu na mizigo yao, msiwaulize kwanza wamechelewa kwa nini. Wafungulieni, mkawahesabu, mkajua kama wote wapo.

Nanyi vijana, mkituona tena wakubwa tunawaambia mvue skafu zenu, tuulizeni lile swali.